Maswali ya Wasomaji: Samaki mandarini hafi kwa maji mabaya, hufa kwa njaa

Toleo hili tumekusanya barua zinazohusu samaki mmoja tu, mandarini, ambaye kwa jina la kitaalamu ni Synchiropus splendidus. Ni kijisamaki cha sentimita 6 hadi 8, mwenyeji wa Pasifiki ya magharibi, kuanzia visiwa vya Ryukyu huko Japani, kupitia Ufilipino, Indonesia na Palau, hadi Australia. Anayemnunua hununua ile buluu yake. Buluu ya samaki wengi hutokana na namna ngozi inavyorudisha mwanga, lakini mandarini na ndugu yake S. picturatus wana seli zenye rangi ya buluu yenyewe, jambo adimu sana kwa wanyama wenye uti wa mgongo. Walioandika wengi wametuuliza dawa. Majibu yetu mengi yatarudi kwenye chakula, na tunaomba mtuvumilie kwa hilo.

Amekonda ilhali maji ni mazuri

*Habari za kazi. Tangi langu ni la lita 180, lina mwaka mmoja. Mandarini ana wiki saba humo. Nimepima: amonia sifuri, naitraiti sifuri, naitreti 10. Nampa chakula cha vipande na cha punje asubuhi na jioni, hagusi, ila mchana kutwa anadonoadonoa mawe. Sasa tumbo limeingia ndani. Nimpe dawa gani? – Msomaji, Mikocheni, Dar es Salaam*

Usimpe dawa yoyote kwa sasa, ndugu. Huko kudonoadonoa ndiko kula kwake. Mandarini huwinda kwa macho: hutazama jiwe, humwona kopepodi mmoja, mdudu wa jamii ya kamba ambaye mara nyingi hafiki hata milimita moja, humnyonya, husogea kidogo, hutazama tena. Hufanya hivyo kuanzia taa zinapowaka hadi zinapozimwa. Baharini hula pia amfipodi (ndugu wakubwa kidogo wa jamii hiyohiyo ya kamba), minyoo midogo, konokono wachanga na mayai ya samaki. Hana tumbo la kuweka akiba, kwa hiyo milo miwili kwa siku haimtoshi hata kama angeikubali. Na vipande vinavyoelea juu ya maji kwake si chakula, kwa kuwa havitembei na haviko mahali anapotafuta.

Kilichotokea kwako ni hiki: tangi lilikuwa na kopepodi wa kutosha alipoingia, akala kwa wiki kadhaa kwa kasi kuliko walivyozaliana, wakaisha. Ndiyo maana mandarini wengi huonekana wazima mwezi wa kwanza na kuanza kunyong'onyea wa pili.

Kwanza jua amefikia wapi. Mtazame ubavuni na kutoka juu. Tumbo likiwa limebonyea lakini bado anadonoa kwa bidii, yuko mwanzoni. Mstari wa ubavuni ukionekana kama mfereji na nyama ya nyuma ya kichwa imeporomoka, amekula misuli yake mwenyewe na una siku chache. Akilala pembeni mchana bila kudonoa, rangi zimefifia, wengi wa namna hiyo hawarudi, ila jaribu.

Mhamishie kwenye kisanduku cha plastiki chenye matundu, kile wanachotumia kuwatenga samaki wazazi, chenye upana wa sentimita 15 hadi 20, ukining'inize ndani ya tangi lilelile. Maji yanabaki yaleyale na hashindani na mtu. Usimkamate kwa wavu. Ana mwiba kwenye kifuniko cha mashavu unaonasa nyuzi, na hana magamba, ana ute tu, hivyo ngozi huchubuka. Mwongoze aingie kwenye kikombe au chombo cha plastiki angavu, kisha unyanyue pamoja na maji yake.

Mpe artemia (vijikamba vya maji ya chumvi) wachanga walioanguliwa siku hiyohiyo. Kuwaangua si kazi kubwa. Chukua chupa ya lita 2, kata kitako, igeuze mdomo chini. Tia lita 1 ya maji, gramu 25 hadi 30 za chumvi, gramu 1 ya mayai ya artemia na chembe ya magadi ya kuokea ili pH isishuke chini ya 8. Ingiza mrija wa hewa mpaka chini kabisa, hewa ichemke kwa nguvu, taa iwake jirani, joto liwe 26 hadi 28. Baada ya saa 24 hivi zima hewa kwa dakika 10. Maganda hupanda juu, watoto hushuka chini na kukusanyika penye mwanga. Wanyonye kwa mrija, wapitishe kwenye kitambaa chembamba, wasuuze kwa maji ya chumvi. Usimimine maganda ndani ya tangi, maana samaki akiyameza hayasagiki.

Mpe samaki artemia hao mapema. Artemia mchanga ana thamani kwa sababu ya kiini alichozaliwa nacho, na kila saa inayopita anakitumia mwenyewe. Ukitaka kuwaweka hadi kesho yake, ngoja kama saa 12 mdomo wao ufunguke, kisha watie kwenye maji yenye mwani wa Nannochloropsis au mafuta maalumu ya kuwarutubisha, wale, ndipo uwape samaki. Artemia wakubwa waliokaa na njaa ni maji matupu; mandarini atawafukuza kwa furaha na ataendelea kukonda.

Mpe kidogokidogo kwa sirinji mara nne au tano kwa siku. Akishakula bila kusita kwa siku tatu, changanya humo mayai ya samaki au kamba yaliyogandishwa, kwa kuwa hiki ni chakula alichokijua baharini na mara nyingi ndicho cha kwanza kisicho hai anachokikubali. Kisha kopepodi wa kugandishwa, kisha misisi (vijikamba vidogo) waliokatwakatwa. Punguza walio hai taratibu kwa wiki mbili au tatu. Wachache hufika hadi kula punje laini za nusu milimita. Ukifika hapo shukuru, lakini usilitegemee. Kila jioni nyonya mabaki yaliyotua kisandukuni, maana yakilala humo amonia itampiga yeye kwanza.

Usimwachie mara tu anapoanza kula. Ngoja tumbo lijae na lile bonde la nyuma ya kichwa lifutike. Ukimwachia, mtengenezee meza yake: kichupa cha kioo kilicholazwa juu ya mchanga, mdomo wake upana wa kutosha yeye tu, na mrija mwembamba unaoshuka kutoka juu ya maji hadi ndani. Chakula unakisukuma kwa mrija huo kwa sirinji. Mandarini hujifunza mahali upesi, na samaki wenye haraka hawaingii.

Akila vizuri wiki mbili mfululizo na bado hanenepi, huku kinyesi ni cheupe na chembamba kama uzi, hapo ndipo ufikirie minyoo ya tumbo. Tiba ifanywe kwenye tangi la pembeni. Prazikwanteli husaidia kwa minyoo bapa, si kwa minyoo duara. Na dawa za minyoo ukizitia kwenye tangi kuu, utaua pia minyoo na vidudu wanaoliendesha.

Tangi la miezi mitatu

*Salaam aleikum. Nina tangi la lita 120, lina miezi mitatu, mawe kilo 12, samaki nemo wawili. Muuzaji amenambia nikitia chupa moja ya kopepodi naweza kumchukua mandarini wiki hiyohiyo. Ni kweli? – Bi. S., Nyali, Mombasa*

Wa aleikum salaam. Si kweli, dada. Chupa moja ya kopepodi ni mlo wa siku chache. Ile chupa ni mbegu, na mbegu huhitaji muda.

Kwa mandarini mmoja anayejitafutia chakula, tunashauri lita 200 na kuendelea, mawe kilo 25 au zaidi yenye matundu mengi, na tangi lililotimiza miezi tisa hadi mwaka. Lita 120 huwezekana kwa mtu aliyepata samaki anayekula chakula cha kugandishwa na ambaye yuko nyumbani kumlisha mara tatu kwa siku. Bila hivyo, acha.

Kabla ya kununua, lipime tangi kwa macho yako. Zima taa, ngoja saa mbili, kisha mulika kioo cha mbele kwa tochi yenye mwanga mwekundu au hafifu. Unatafuta vidoti vyeupe vinavyotembea kwa kuruka-ruka juu ya kioo, na amfipodi kama vipande vya mchele vinavyokimbia penye mchanga. Kila sehemu ya kioo yenye ukubwa wa kiganja ikiwa na vidoti kwa makumi, na hali hiyo ikadumu mwezi mzima, umefika. Ukiona viwili vitatu, bado.

Cha kuongeza ni refugiamu, yaani chumba kisichofikiwa na samaki. Kama una sampu (tangi la pili la vifaa) chini ya tangi, tenga sehemu yake ya lita 20 hadi 40. Kama huna, kipo kisanduku cha kuning'iniza nyuma ya tangi. Ndani tia mawe madogo yaliyovunjikavunjika kimo cha sentimita 8 hadi 10, na bonge la mwani wa Chaetomorpha, ule wa kijani unaofanana na uzi mgumu uliovurugika. Taa yake iwake usiku, kwa muda wa saa 10 hadi 12, wakati ya tangi kuu imezimwa. Hilo pia huzuia pH kuporomoka usiku. Maji yapite polepole. Kila wiki likung'ute bonge la mwani ndani ya tangi kuu, kopepodi waanguke, kisha lirudishe.

Aina ina maana. Tisbe ni mdogo, hutambaa kwenye mawe, huzaliana ndani ya tangi lenye joto letu: huyu ndiye wa kujenga ukoo. Apocyclops naye huvumilia joto vizuri. Tigriopus ni mkubwa na mwekundu, mandarini humpenda mno, lakini asili yake ni vidimbwi vya mwambani penye baridi zaidi. Huogelea wazi, huliwa wote kwa siku mbili, na hakai. Nunua Tigriopus kama kitoweo, Tisbe kama mbegu. Watie usiku, pampu na skima (kifaa kinachotoa uchafu kwa povu) zikiwa zimezimwa kwa nusu saa, ukiwamimina kwa mrija chini penye mawe. Ondoa soksi ya chujio usiku huo, na zima taa ya UV kama unayo, la sivyo unanunua chakula cha soksi.

Na hapo Mombasa joto lenyewe ni tatizo. Mandarini anapenda nyuzi 24 hadi 26, huvumilia 27. Maji yakifika 30, oksijeni hupungua huku njaa yake ikiongezeka. Feni mbili ndogo zinazopuliza juu ya uso wa maji hushusha nyuzi 2 hadi 3, ila maji huvukia kwa wingi na chumvi hupanda. Unachorudishia ni maji ya RO, yaani yaliyochujwa kwa mtambo hadi yasiwe na chumvi kabisa, kila siku, si maji ya chumvi.

Kuzalisha kopepodi jikoni

*Nimechoka kununua chupa. Naomba namna ya kuwafuga mwenyewe, hatua kwa hatua. – A.M., Muscat*

Unahitaji ndoo mbili nyeupe za lita 10 zisizowahi kushika sabuni, pampu ndogo ya hewa, mirija bila mawe ya hewa, chujio la matundu ya maikroni 50 na jingine la 120, na mwani-hai wa kunywesha: Tetraselmis au Isochrysis ni bora, Nannochloropsis peke yake hufaa lakini ni dhaifu kwa lishe.

Tia kila ndoo lita 7 za maji mapya ya chumvi, uzito (ukilinganishwa na maji yasiyo na chumvi) 1.022 hadi 1.025. Usitumie maji ya tangi lako, kwa sababu yana rotifa na vijidudu vingine watakaokula chakula kwa kasi kuliko kopepodi na kuwashinda kabisa. Hewa iwe ya mapovu makubwa, polepole, mawili matatu kwa sekunde. Mapovu madogo humnasa kopepodi na kumwinua juu ya maji hadi akauka. Funika ndoo, acha nafasi ya mrija. Joto 24 hadi 28. Kwa Muscat weka chumba chenye kiyoyozi, kwani ndoo ya maji kidogo hupashika haraka kuliko tangi.

Mimina mbegu ya Tisbe nusu kwa nusu. Tia mwani mpaka maji yawe kijani hafifu, kiasi kwamba bado unaona kitako cha ndoo. Usiongeze mpaka kijani kififie, na hilo ndilo sharti kubwa kuliko yote hapa. Anayelisha kwa ratiba badala ya kutazama rangi huua ndoo yake: mwani usioliwa hufa, hushuka chini, huoza, amonia hupanda, na asubuhi unakuta ndoo inanuka yai viza.

Wiki ya tatu anza kuvuna. Zima hewa, ngoja dakika 15, Tisbe watashuka na kushika kuta. Sugua kuta kwa sponji safi, kisha pitisha robo ya maji, si zaidi, kwenye maikroni 120. Wanaobaki juu ni wakubwa, wape samaki. Wanaopita, wanase kwa maikroni 50 na uwarudishe ndooni wakakue. Jazia maji mapya. Kila mwezi na nusu safisha ndoo moja yote na uianzishe upya kutokana na ile nyingine. Ndoo mbili si anasa: moja hufa bila kutoa taarifa, na aliyekuwa na moja huanza tena dukani.

Nani wa kukaa naye?

*Nataka kumchanganya na samaki wa mistari sita na mandarini mwingine. Kuna tatizo? – Msomaji, Leicester, Uingereza*

Lipo. Samaki wa mistari sita (Pseudocheilinus hexataenia) anakula vidudu vilevile, ana kasi mara nyingi zaidi, na akishazoea tangi huwa mkorofi. Vivyo hivyo aina za Halichoeres, samaki-bomba, na kila ndugu wa mandarini mwenye asili ya kudonoa mawe. Watulivu wanaokula chakula cha juu, kama nemo wapole na samaki kardinali, ni sawa.

Wasiotembea nao ni hatari. Anemone zulia, jamii ya Stichodactyla, humnasa mandarini anapopita chini usiku. Tumbawe la sikio la tembo, Amplexidiscus fenestrafer, hujikunja polepole na kumfunga ndani. Funika pia tangi kwa wavu wa matundu ya milimita 6: watu hudhani samaki wa chini haruki, naye huruka akishtuliwa gizani.

Mbali na bahari, na umeme hukatika

*Sisi tuko Kigali. Maji ya bahari hatuna. Chumvi ya mezani iliyosafishwa inafaa? Na umeme ukikatika kwa muda wa saa nne nifanye nini? – J., Kigali*

Chumvi ya mezani haifai, ina sodiamu kloridi tu pamoja na iodini na dawa ya kuzuia kugandamana. Unahitaji chumvi ya akwariamu yenye kalsiamu na magnesiamu. Kiasi ni takriban gramu 35 hadi 38 kwa lita kutegemea aina, lakini mwamuzi ni rifraktomita, kifaa cha kupima chumvi: 35 kwa elfu, au uzito 1.026. Tia maji ya RO kwanza, pampu ikizunguka, kisha chumvi kidogokidogo. Ukifanya kinyume, ukamimina maji juu ya rundo la chumvi, kalsiamu hujishika na kaboneti ikawa unga mweupe chini ya ndoo, na hairudi. Zungusha saa 24. Badilisha asilimia 10 kwa wiki, joto na chumvi zikilingana na tangi.

Kuhusu umeme, Kigali iko juu, kama mita 1,500, na kwenye mwinuko huo maji hubeba oksijeni pungufu kwa karibu sehemu moja ya sita kuliko pwani. Una akiba ndogo kuliko msomaji wa Mombasa. Nunua pampu ya hewa ya betri inayojiwasha umeme ukikatika, na uielekeze penye mawe. Saa nne si nyingi kwa tangi lenye samaki wachache. Usilishe wakati huo, na usilishe mara tu umeme unaporudi, ngoja saa moja. Kama sampu yako ilisimama kwa nusu siku au zaidi, mwaga maji ya refugiamu kabla ya kuwasha pampu: maji yaliyolala gizani bila oksijeni yakiingia tangini kwa mkupuo yanaweza kuua samaki waliokwisha kuvuka usiku salama.

Huku kwetu yuko?

*Nikipiga mbizi Mnemba nimeona kisamaki chekundu chenye madoa kikitambaa juu ya mawe kama mandarini. Ndiye? – Msomaji, Unguja*

Mandarini mwenyewe hayupo upande wetu wa Bahari ya Hindi. Yupo ndugu yake, Synchiropus stellatus, mwenye mabaka mekundu na meupe, anayepatikana Afrika Mashariki, Komoro na Madagaska. Huenda ndiye uliyemwona. Ulaji wake ni uleule, ila kwa kawaida hukubali chakula cha kugandishwa upesi zaidi. Mwache alipo. Mnemba ni eneo la hifadhi, na kuvunja matumbawe ili kujaza tangi ni kosa popote pwani. Mawe makavu yaliyopandwa bakteria na mbegu ya kopepodi hufikia hali ileile baada ya mwaka, na hayaleti kaa na minyoo waharibifu.

Vidoa vyeupe

*Samaki wangu wengine wana vidoa kama punje za chumvi. Mandarini hana. Nimeambiwa nitie shaba tangi zima. Nifanye hivyo? – K., Dubai*

Usitie shaba kwenye tangi kuu kamwe. Itaua kopepodi wote, itaua matumbawe na konokono, na mawe yataifyonza na kuitoa kidogokidogo baadaye. Huo ni ugonjwa wa kimelea kiitwacho Cryptocaryon. Mandarini huugua mara chache kwa sababu ya ute wake mzito na mchungu, lakini kuugua anaugua, na hata asipoonesha kidoa anaweza kuubeba. Asihesabiwe kuwa mzima kwa kuwa ngozi yake ni safi.

Samaki wote watoke. Wengine unaweza kuwatibu kwa shaba kwenye tangi la karantini ukipima kila siku. Mandarini hana magamba na huvumilia shaba vibaya. Kwake tumia njia ya kuhamisha. Kimelea hukaa kwenye samaki siku chache, hudondoka, hujifunika kwenye kitako, kisha huzaa wapya. Ukimhamisha samaki kabla wapya hawajatoka, unawaacha nyuma. Andaa vyombo viwili vya lita 20, pampu ya hewa mbili, na kipande cha bomba la PVC cha kujificha kwa kila kimoja. Kila baada ya saa 72 mhamishie kwenye chombo kikavu kilichooshwa, chenye maji mapya yenye joto na chumvi sawa, mara nne. Usihamishe maji ya zamani zaidi ya yale yaliyo kikombeni. Kile cha kwanza kioshe, kikaushe kabisa mpaka zamu yake irudi.

Sehemu ngumu ni kumlisha siku hizo 12, kwani chombo kitupu hakina kitu cha kudonoa. Hapo ndipo ndoo za kopepodi za msomaji wa Muscat zinapolipa. Mpe walio hai kila siku, na pima amonia asubuhi na jioni. Kama tayari amekonda, mnenepeshe kwanza ndipo uanze.

Tangi kuu likae siku 76 bila samaki yeyote. Endelea kuliendesha na kulinywesha mwani. Kwa kuwa hakuna anayewala, kopepodi wataongezeka mno katika muda huo, na atakaporudi atakuta karamu.

Dume na jike

*Nina wawili, wanang'atana. Na je, wanaweza kuzaa nyumbani? – Msomaji, Minneapolis, Marekani*

Tazama pezi la kwanza la mgongoni. Dume ana mwiba mrefu ulionyooka juu, jike hana. Wako wakiwa wote wana mwiba huo, watenganishe leo; madume hushikana kwa midomo na hayaachiani hadi mmoja aumie. Dume mmoja na jike mmoja au wawili huishi pamoja, lakini hesabu chakula upya: lita 300 na zaidi, refugiamu, na ndoo.

Walioshiba huzaa bila kubembelezwa. Taa zishuke taratibu kwa nusu saa badala ya kuzimika ghafla. Jioni hiyo dume hulizunguka jike, hulibeba kwa pezi lake, na wawili hao hupanda ubavu kwa ubavu kuelekea juu, kisha mayai hutoka na wao hurudi chini kwa kasi. Mayai ni madogo sana, chini ya milimita moja, na huelea. Skima ikiwaka huyamaliza. Ukitaka kuyalea, zima pampu, yachote juu ya maji kwa kikombe, yapeleke kwenye chombo cha duara chenye hewa hafifu sana. Huanguliwa ndani ya siku moja hivi. Watoto hutaka kopepodi wachanga kwa wingi tangu midomo inapofunguka, na huanza kukaa chini baada ya kama wiki mbili.

Hapo Marekani mna bahati ya kupata mandarini waliozaliwa kwenye vituo vya ufugaji, vikiwemo vya kampuni ya Biota. Huja wadogo, wa sentimita 2 au 3, lakini wengi hula chakula cha kugandishwa siku wanayofika. Bei ni kubwa kuliko ya waliovuliwa, na inalipika. Waliovuliwa sehemu za Ufilipino huchomwa kwa vishale vyembamba, na kidonda huonekana kama nukta karibu na mkia. Ukiwa dukani mwombe muuzaji amlishe mbele yako, mtazame tumbo na nyuma ya kichwa, tafuta hiyo nukta. Asipokula mbele yako, usimchukue, na usimhurumie kwa kumnunua, kwa sababu duka litaagiza mwingine badala yake wiki ijayo.